Kununua SSD Zanzibar kwa bei nzuri bila kupigwa

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Laptopu yangu nikiiwasha naweza kwenda kununua urojo nikarudi ikiwa bado inazunguka, ninunue SSD gani?" "Ya Mlandege na ya Kariakoo ipi nzuri?" "Nimeuziwa yenye kasi ya MB 7,000 kwa sekunde, mbona sioni tofauti?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika yote hapa, na ukiniuliza tena nitakutumia hii. SSD ni diski ya kuhifadhia isiyo na sehemu zinazozunguka, inayochukua nafasi ya hadi diski ya zamani (hard disk, au HDD).

Jambo moja lishike kabla hatujaenda mbali: kasi utakayoipata haiamuliwi na maandishi ya kwenye boksi. Inaamuliwa na nafasi iliyomo ndani ya mashine yako. Anayeanzia dukani hulipia kasi ambayo mashine yake haiwezi kuitumia, au hurudi nyumbani na kitu kisichoingia kabisa. Kazi inaanzia nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina kamili la modeli ya mashine yako. "HP nyeusi" si modeli. Geuza laptopu usome kibandiko cha chini, au andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Flashi mbili: moja ya angalau GB 8 kwa ajili ya kupiga Windows, nyingine ya kubebea programu za kupimia. Programu hizo ni CrystalDiskInfo, CrystalDiskMark na H2testw. Zote ni za bure na zinaweza kukimbia moja kwa moja kwenye flashi.
- Mahali pa kuhifadhi nakala ya mafaili yako: hadi diski ya nje, au kompyuta ya mtu unayemwamini.
- Kama unataka kuhamisha Windows yako kama ilivyo, kebo ya USB ya kuunganishia diski ya SATA, au kiboksi cha USB kwa zile za M.2. Kiboksi cha SATA hakisomi NVMe, kwa hiyo usikinunue kabla hujamaliza hatua ya kwanza, ambako nimeeleza aina hizi.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inakubali nini

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Disk 0. Utaona kama uliyonayo sasa ni HDD au SSD, na upande wa juu kulia utaona modeli yake. Hapo umejua ulichonacho. Nafasi iliyopo ni suala jingine, na hilo utalipata kwa kufungua mfuniko wa chini au kusoma mwongozo wa huduma wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Utakutana na mojawapo ya hizi:

*Inchi 2.5 ya SATA.* Ni kisahani bapa, sura ile ile ya hadi diski ya laptopu. Laptopu nyingi zenye umri na takriban kompyuta zote za mezani zinaikubali. SSD za aina hii kwa kawaida zina unene wa milimita 7. Kama diski yako ya zamani ilikuwa ya milimita 9.5, mpya itacheza kidogo, na fremu nyembamba ya plastiki inamaliza tatizo hilo.

*M.2.* Ni kijiti mfano wa RAM. Upana ni milimita 22, na urefu unasomeka kwenye namba: 2280 ni milimita 80, 2242 ni 42, 2230 ni 30. Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa sababu vijiti viwili vyenye sura moja vinaweza kuwa vya koo mbili tofauti: SATA, njia ya zamani na ya polepole ya kuunganisha diski, na NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi. Tazama meno ya dhahabu: mapengo mawili mara nyingi ni SATA, pengo moja mara nyingi ni NVMe. Nasema mara nyingi, kwa hiyo kathibitishe kwenye mwongozo. Ukichomeka NVMe kwenye nafasi ya SATA peke yake, haitaungua na haitafanya kazi.

*mSATA*, fupi na pana kidogo, iko kwenye baadhi ya laptopu za miaka ya 2011 hadi 2014. Bado zinapatikana, ila hazina chaguo kubwa.

*MacBook.* MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina kichomeo cha Apple wenyewe, unahitaji adapta. MacBook za miaka ya karibuni hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo fikiria SSD ya nje tu.

Usibashiri kwa sura ya nje. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa mjini, ina nafasi ya inchi 2.5 na ya M.2 pia. ThinkPad T480 mbili zilizowekwa pamoja mezani hutazitofautisha, kumbe moja ina kisahani cha SATA na nyingine ina NVMe kwenye adapta, ndani ya uwazi ule ule. Na mashine za kabla ya takriban 2015 nyingi haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe hata ukiitafutia adapta.

Piga picha ya nafasi hiyo kwa simu. Hiyo picha ndiyo utakayomwonesha muuzaji.

Hatua ya 2: Amua ukubwa

GB 256 zinamtosha mwanafunzi wa SUZA au mhasibu wa ofisini. GB 512 ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. TB 1 ni ya wapiga picha, wahariri wa video na wanaocheza gemu. GB 128 achana nayo: Windows pamoja na masasisho yake itakubakishia kijinafasi cha kuhesabia, na SSD iliyojaa hupungua kasi.

Usishtuke ukiona GB 256 inaonekana 238, GB 512 inaonekana 476, au TB 1 inaonekana 931. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Hatua ya 3: Lipia kasi unayoweza kuitumia

Namba za kukumbuka, zote kwa sekunde: hadi diski ya laptopu husoma kama MB 100, SSD ya SATA huishia kwenye MB 550 au 560, NVMe ya PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data ndani ya mashine, na namba ni kizazi chake) hufika MB 3,500, ya PCIe 4.0 hufika MB 7,000 na kitu, na ya PCIe 5.0 mara mbili ya hapo.

Ukizitazama hizo namba utadhani NVMe ya 7,000 ni bora mara kumi na mbili kuliko SATA. Kwa matumizi ya kila siku, sivyo. Kinachochelewesha mashine ya zamani ni vifaili vidogo maelfu vinavyotafutwa huku na huko. Hadi diski lazima izungushe sahani na kusogeza mkono wake, na kwa mtindo huo inahudumia maombi mia moja hivi kwa sekunde. SSD yoyote halali, hata ya SATA, inahudumia makumi ya maelfu. Ukihama kutoka HDD kwenda SATA utadhani umenunua kompyuta mpya. Ukihama kutoka SATA kwenda NVMe utaona tofauti unapohamisha mafaili makubwa, basi.

Kwa hiyo kama nafasi yako ni ya PCIe 3.0, ya 7,000 itakimbia kwa 3,500 na tofauti ya bei umeitoa sadaka. Nunua ya 4.0 kwa mashine ya 3.0 pale tu bei zinapolingana, jambo ambalo hutokea.

Hatua ya 4: Soma maandishi madogo

Mambo matatu yanatenganisha SSD nzuri na ya hivi hivi.

La kwanza ni aina ya seli. TLC, inayohifadhi biti tatu kwa kila seli, ndiyo ya kutafuta. QLC, yenye biti nne, ni rahisi zaidi kwa bei lakini ikiandikwa mafaili mengi mfululizo inachoka: Samsung 870 QVO ya TB 1, akiba yake ya kasi (cache) ikijaa, hushuka hadi MB 80 kwa sekunde, chini ya hadi diski nyingi. Kwa mtu wa Word na Excel hilo halionekani. Kwa mpiga video wa harusi anayemwaga GB 200 kwa mkupuo, ni zaidi ya nusu saa ya kusubiri.

La pili ni DRAM, kumbukumbu ya haraka ndani ya SSD inayoshika ramani ya mahali data ilipo. Kwenye SATA itafute ukiweza: Samsung 870 EVO na Crucial MX500 wanayo, ilhali Kingston A400, Crucial BX500 na WD Green hawana. Hao wasio nayo si wabaya kwa mashine ya ofisi. Kwenye NVMe ukosefu wa DRAM hauumi sana, kwani nyingi zinaazima kidogo kutoka kwenye RAM ya kompyuta.

La tatu ni TBW, yaani kiasi cha data, kwa TB, ambacho mtengenezaji anadhamini kuandikwa. Samsung 870 EVO ya GB 500 ina TBW 300 na waranti ya miaka 5, Kingston A400 ya GB 480 ina TBW 160 na miaka 3. Mtu wa kawaida akiandika GB 20 kila siku, kwa mwaka ni TB 7.3, na hiyo 300 itamchukua miaka arobaini. Kwa hiyo usiogope SSD iliyotumika kwa sababu tu imeandikwa TB 10.

Hatua ya 5: Zunguka bei

Gawa bei kwa GB. Tuseme duka moja linakupa GB 256 kwa shilingi 70,000 na jingine GB 512 kwa shilingi 110,000. Ya kwanza ni kama shilingi 273 kwa GB, ya pili 215. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, "bei ya mwisho" ya muuzaji haikubabaishi. Usitegemee bei aliyonunulia rafiki yako mwaka jana: bei za chipu hizi hupanda na kushuka dunia nzima. 2023 zilianguka mno, kisha watengenezaji wakapunguza uzalishaji na zikapanda.

Mjini anzia Mlandege na Darajani, pita na Michenzani. Uliza maduka matatu modeli ile ile, kwa jina kamili. Ukiuliza "SSD ya 512 bei gani?" kila mmoja atakutajia ya kwake na huwezi kulinganisha chochote.

Kariakoo mara nyingi iko chini, lakini piga hesabu yote. Nauli ya boti kwenda na kurudi kwa SSD moja inameza faida. Kariakoo inafaa ukinunua kadhaa kwa ajili ya ofisi au skuli, au kuna jamaa anakwenda kwa safari zake. Mwambie alete na risiti yenye maelezo ya bidhaa, asije akakosa la kujibu akiulizwa bandarini Malindi.

Njia ya tatu ni ndugu anayerudi kutoka Dubai au Muscat. Mtumie jina kamili na picha, na mwambie anunue duka linaloeleweka. Ukimwachia achague mwenyewe atakuletea yenye boksi linalong'aa.

Ya nne naipenda mimi binafsi: SSD zilizovuliwa kwenye laptopu za makampuni ng'ambo. Utaziona hazina boksi, zina kibandiko cha HP, Dell au Lenovo, na jina mfano Samsung PM981 au SK hynix. Hizi ni bidhaa za kiwandani zenye ubora, na bei huwa chini kwa sababu hazina mbwembwe. Waranti ya mtengenezaji huna, hiyo ndiyo kasoro, kwa hiyo pima kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Kagua, kwa sababu feki zipo

Nimewahi kufungua "SSD ya nje ya TB 2" aliyoiagiza mteja mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani ya kava kubwa mlikuwa na kibao cha saketi kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, kadi ya memori ya simu imechomekwa ubavuni na kumwagiwa gundi ya moto, na kando yake kipande cha chuma kimebandikwa ili mkono uone uzito. Windows iliionesha TB 2 bila aibu. Ujanja uko kwenye programu ya ndani: inatangaza ukubwa wa uongo, na kadi halisi ikijaa inaandika mafaili mapya juu ya ya zamani. Majina ya video yote unayaona, ukifungua hazichezi.

Kwa hiyo:

- Bei ikiwa chini ya nusu ya wengine wote, hakuna muujiza hapo. Ondoka.
- Linganisha namba ya utambulisho (Serial Number) ya boksi, ya kibandiko na itakayosomeka kwenye CrystalDiskInfo. Lazima ziwe sawa.
- Soma tahajia. "Sumsang" bado ipo madukani.
- Kwa Samsung, programu yao ya Magician haiitambui feki kama yao.
- Jina lisilojulikana si lazima iwe feki, ila TBW na modeli zikikosekana kabisa kwenye boksi, muuzaji mwenyewe hajui anauza nini.

Hatua ya 7: Pima kabla pesa haijatoka, au siku hiyo hiyo

Beba laptopu na kebo yako dukani. Muuzaji mwenye mali safi hakatai. Maneno yanatosha kuwa haya: "Naomba niichomeke dakika tano, ami, nikiridhika nalipa."

Fungua CrystalDiskInfo. Tazama Power On Hours (saa ilizowashwa) na Total Host Writes (data iliyokwisha kuandikwa). SSD mpya itakuwa na saa sifuri au chache sana. Ikiwa na saa 9,000, ni iliyotumika, na bei iwe ya iliyotumika. Health (afya ya diski) iwe 100% kwa mpya. Kwa mtumba, mimi sishuki chini ya 90%. Baadhi ya feki hudanganya hata namba hizi, ndiyo maana kipimo kinachofuata kinafanywa nyumbani.

H2testw inajaza diski nzima kisha inasoma kila kitu kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ifanye diski ikiwa tupu, kwenye tundu la USB la buluu. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0 unapata kama MB 35 kwa sekunde, na GB 500 zitakuchukua karibu saa nne kuandika tu, bado kusoma. Ikimaliza bila kosa hata moja, ukubwa ni wa kweli. CrystalDiskMark itakupa kasi. Ukipata 80% au zaidi ya kilichoandikwa, na umepima ndani ya mashine, ridhika.

Risiti iandikwe modeli, namba ya utambulisho na siku za kurudisha. "Waranti mwaka mmoja" ya mdomo haina uzito.

*Kwa walioko Pemba:* mzigo ukishafika Mkoani, kuurudisha Unguja ni gharama na siku. Mwombe muuzaji akutumie video fupi, si picha, ikionesha kibandiko cha SSD kisha skrini ya CrystalDiskInfo yenye namba ile ile. Ikifika Chake au Wete, ipime usiku huo huo na umjulishe matokeo. Na usitume pesa zote kwa simu kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu. Tafuta ndugu wa Unguja aende dukani akaichukue mkononi, vinginevyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 8: Ifunge

Nakili mafaili yako kwanza. Kama mashine ina BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data ya diski), pata namba ya kufungulia kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujagusa kitu.

Kisha chagua. Kupiga Windows upya ndiko kusafi zaidi, na kama ilikuwa na leseni halali iliyosajiliwa kwenye mashine, itajitambua yenyewe kwa sababu imefungwa kwenye bodi, si kwenye diski. Ukitaka kuhamisha ilivyo, Clonezilla ni ya bure, ila SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani.

Zima kabisa, chomoa chaji, chomoa betri kama inatoka. M.2 inaingizwa kwa mshazari kama nyuzi 30, halafu inalazwa na kufungwa skrubu. Skrubu hiyo ndogo mara nyingi haiji na SSD. Iulizie ukiwa bado dukani.

Onyo la kwetu hasa: kama betri ya laptopu imekufa, umeme ukikatika katikati ya kuhamisha unaanza upya. Angalia na uniti za Tukuza kabla ya kubonyeza kuanza.

Ikigoma

*Haionekani popote, hata kwenye BIOS (menyu ya mashine inayofunguka kabla ya Windows).* Ichomoe uichomeke tena. Bado? Rudi hatua ya 1, huenda umeweka NVMe kwenye nafasi ya SATA.

*BIOS inaiona, Windows haioneshi diski mpya.* Haijaandaliwa. Andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia, chagua GPT (mpango wa kugawa diski), tengeneza sehemu mpya.

*Wakati wa kupiga Windows orodha ya diski iko tupu.* Kwenye mashine za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, sababu huwa ni VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia diski. Pakia draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi. Kuizima VMD kwenye BIOS pia kunasaidia, lakini fanya hivyo tu kama unaanza upya kabisa.

*Baada ya kuhamisha bado inawaka kwa diski ya zamani.* Toa ya zamani, washa na mpya peke yake, kisha panga mfuatano wa kuwaka kwenye BIOS.

*Inaanza kwa kasi kisha inashuka.* Akiba imejaa au joto limezidi. Kwenye NVMe ya kompyuta ya mezani bandika kipoza joto. Kwenye laptopu safisha feni.

*SSD nzima, vipimo safi, mashine bado inaganda.* Tazama RAM. GB 4 na kivinjari chenye kurasa ishirini, hakuna SSD itakayokuokoa. Ongeza iwe 8.

*Health inashuka wiki hadi wiki, au mafaili yanagoma kufunguka.* Nakili kila kitu leo, kabla ya kutafuta fundi. Hadi diski hupiga kelele kabla ya kufa. SSD huzima kimya, na kurudisha data yake ni kazi ngumu na ya gharama, mara nyingi haiwezekani. Ukishanakili, chukua risiti urudi dukani.